Steringi Hafi, Umeme Umekatika Tu

"DJ, umeme umerudi."

Nilikuwa nyuma ya bodaboda, tumetoka soko la Mbuyuni hapa Moshi tunaelekea Pasua, mfuko wa nyanya nimeupakata kama mtoto. Nikadhani ananipa habari za mtaani, maana asubuhi ile ulikatika nikiwa nimepiga pasi mkono mmoja tu wa shati. Nikamwambia afadhali, simu yangu ina asilimia nne.

Akacheka mpaka kofia ngumu ikamshuka usoni. "Siyo huo. Ule wa kifuani."

Tulivuka tuta la kwanza, tukavuka la pili, ndipo nikaelewa. Hakuna mtu aliyeniita DJ tangu mwaka 2019, na hata mwaka huo niliitwa hivyo siku moja tu.

Nikamtazama kwenye kioo cha pembeni. Yule dogo wa benchi la mbele. Enzi zile alikuwa darasa la tano, sasa ana ndevu tatu na pikipiki ya mkataba.

"Na yule wa Wakanda je?" akaniuliza bila kugeuka. "Naye atarudi?"

Nikasema, "Tutaona."

Nikalipa, nikashuka, nikaenda kupika. Hii ni wiki ya tano, na hiyo "tutaona" imenikaa kooni kama mwiba wa perege.

## Ticha, si umesoma Kiingereza?

Vibanda umiza vya kutazamia muvi mnavijua, sitavieleza. Hiki kilikuwa Pasua, mabati pande zote, na benchi lake la tatu lilikuwa na msumari uliochana suruali za watu wa heshima. Ilikuwa Mei 2019, masika yamekolea, tope mpaka mlangoni. Ile muvi ya mashujaa, Avengers: Endgame, ilitoka Marekani tarehe 26 Aprili, na mwenye kibanda tayari alikuwa nayo kwenye flashi. Aliipataje, msiniulize.

Tatizo ni kwamba ilikuwa mbichi, haijatafsiriwa. Watu waliokuzwa na sauti za watafsiri wa muvi, ya Lufufu, na ya DJ Afro wa kule Kenya, huwezi kuwakalisha saa tatu wakitazama Wazungu wanachezesha midomo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, cheti kipo kwenye bahasha ya kaki, kazi hakuna. Mwenye kibanda akanifuata nyumbani na mwavuli.

"Ticha, wewe si umesoma Kiingereza? Kuna elfu tano na soda."

Nikajiona mtaalamu. Ile ilikuwa filamu ya 22 ya mfululizo wake tangu Iron Man ya mwaka 2008, na nyingi nilikuwa nimezitazama bwenini kwenye laptop ya mwenzangu. Nikapewa maiki ya karaoke iliyofungwa kwa selotepu. Watoto mia mbili, wakubwa mia tano. Jenereta ikawashwa, maana umeme wenyewe haukuwepo.

Kopi yenyewe ilirekodiwa kwa kujificha ndani ya ukumbi wa sinema wa nchi za watu. Kona ya chini kushoto kulikuwa na kichwa cha mtu mwenye kapelo, hakubanduka mpaka mwisho. Kuna mahali kivuli kilikatiza skrini nzima, mtu anaenda msalani. Na sauti zao zote zilikuwemo: vicheko, vikohozi, mtu anatafuna bisi.

Kwa hiyo siku ile watazamaji walikuwa wa aina mbili. Wale waliokuwa ndani ya skrini, na sisi tuliokuwa mbele yake.

Hatukupatana hata kidogo.

## Adui keshakufa, turudishieni hela

Mwanzoni kabisa mwa filamu, hata watu hawajatulia, Thor, mmoja wa mashujaa, anamkata kichwa adui mkuu, Thanos. Ukumbi wa wenzetu ukashtuka, kimya. Kwetu, jamaa mmoja wa nyuma akasimama na kuanza kufunga zipu ya koti.

"Adui keshakufa. Muvi imeisha hii. Turudishieni hela!"

Alikuwa na haki. Adui hufa mwisho, tena baada ya kumuua rafiki wa steringi. Ikabidi nimtulize: "Kaa, kaka. Huyu Bilinganya ana akiba." Bilinganya ndilo jina nililompa kwa sababu ya ile rangi yake, na lilimganda mpaka mwisho. Tony Stark, yule wa suti ya chuma na taa kifuani, nilimwita Fundi, maana kila tatizo yeye huenda kuchomelea kitu. Sikubuni utaratibu huo. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia kwenye maiki: mtu hatazami muvi ya watu wasio na majina ya kuitika.

Kisha ikaja ile saa nzima ya maongezi. Filamu ina saa tatu na dakika moja, na sehemu kubwa ya mwanzo ni watu wanaohuzunika wakiwa wamekaa. "Ngumi lini?" wakawa wanauliza. Aliyeniokoa ni baba mmoja aliyewahi kuwa mwanaapolo, mchimba madini kule Mererani, ambaye kila jiwe la nguvu lilipoonekana kwenye muvi alilitolea bei. Lile la bluu akalithaminisha kama tanzanaiti ya gredi ya juu, akasikitika kwamba watu wanagombania mawe sita ulimwengu mzima na hakuna hata broka mmoja wa kuwasuluhisha. Thor naye alipotokea na kitambi, amelewa, kibanda kizima kilimpokea kama mjomba aliyetoka kwenye mbege.

Ila pale Kepteni Amerika aliponyanyua nyundo ya Thor ndipo nilipoona umbali kati yetu na wale. Ukumbi wao ulilipuka. Kelele ziligonga sabufa mpaka ikakoroma. Sisi tukabaki tunatazamana.

"Wanapigia kelele nini? Si nyundo tu?"

Nikaanza kueleza, vita vikiendelea, kwamba ile nyundo hainyanyuliwi na kila mtu, kwamba kwenye filamu ya mwaka 2015 walijaribu mmoja mmoja sebuleni na Kepteni aliitikisa kidogo tu. Nilipomaliza, nyundo ilishatumika, ikarushwa, ikarudi. Mzee mmoja wa mbele akasema "Sawa," kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza.

Halafu ile milango ya duara ikafunguka, na wa kwanza kutoka akawa yule mfalme wa Wakanda, ile nchi ya Kiafrika ya kwenye muvi.

Hapo tulipiga kelele pamoja, wao na sisi, sekunde ileile. Dogo alipanda juu ya benchi, mikono amepishanisha kifuani, viatu vina tope. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa hasira na hata hivyo tuliishinda. Maiki niliishusha. Hakuna aliyekuwa ananihitaji.

## Akifa, hakuwa steringi

Kabla ya hapo jenereta iliishiwa mafuta, muvi ikasimama, na wakati mwenye kibanda anahangaika na kidumu ukazuka ubishi mnaoweza kuukisia: nani steringi?

Maana steringi hafi. Hiyo mmeikuta kama nilivyoikuta.

Mzee yule wa mbele, kumbe alikuwa mtu wa majumba ya sinema enzi zake, akasema kanuni hiyo ni ya watoto. "Amitabh alikufa kwenye Sholay. Nilimwona kwa macho yangu."

"Basi hakuwa steringi," kijana akamjibu. "Steringi alikuwa Dharmendra."

"Mimi nililipa tiketi kumtazama Amitabh."

"Mzee, shikamoo, lakini akifa, hakuwa steringi."

Ukiitazama vizuri, kanuni hiyo haiwezi kushindwa hata kwa wakili. Watu wakawekeana soda. Wengi walikuwa upande wa Fundi. Mimi nilikuwa najua anakwenda kufanywa nini. Nilishasoma mtandaoni usiku wa kuamkia siku hiyo, nijiandae na msamiati.

Nilikuwa nimejiandaa na kila neno isipokuwa moja.

## Umeme umekatika

Mnaijua ile sehemu. Fundi amempora Bilinganya yale mawe, amepiga vidole, jeshi zima limekuwa vumbi. Kibanda kinashangilia, watu wanakumbatiana na waliobishana nao. Kisha Fundi anateleza chini na kuegemea kifusi, upande mmoja wa uso umeungua.

Kelele zetu zikapungua kidogo kidogo, kama jiko linalonyimwa mkaa.

Kutoka kwenye sabufa nikasikia kitu ambacho mpaka leo nakisikia: mwanamke, karibu kabisa na ile kamera iliyofichwa, analia kwa kujizuia. Anavuta kamasi, anatulia, anavuta tena. Nchi gani, ana umri gani, sitajua kamwe. Alikuwa anamlilia mtu asiyekuwepo.

Vichwa vikaanza kugeuka. Wakaiacha skrini, wakanitazama mimi. Watu kama arobaini kwenye mwanga ule wa kijivu, wengine midomo wazi, wananisubiri niwaambie kilichotokea.

Mke wake akainama, akamwambia wao watakuwa salama, sasa anaweza kupumzika.

Nikatafsiri: "Anamwambia, sasa pumzika."

Na ile taa ya kifuani ikapepesa, ikazimika.

"Umeme umekatika!" dogo akapiga kelele.

Kibanda kikaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu waliobanwa pumzi muda mrefu. Nami nikiwa na maiki mkononi, nimeona mlango wa kutokea, nikapita mbiombio: "Naam, umeme umekatika! Wakirudisha, atainuka!"

Ilinitoka tu.

Kijana mmoja nyuma, mwenye Kiingereza chake, akasema, "Acha uongo, jamaa kafa huyo!" Wakamzomea. "Kaa chini! Steringi hafi!"

Filamu yenyewe ikanisaidia kudanganya. Dakika chache mbele, kofia yake ya chuma inawashwa sebuleni na yeye anatokea, amekaa, anaongea na familia yake. Ni rekodi aliyoiacha. Lakini mwanga wake ni wa bluu, wa umeme kabisa, na watoto wakapiga makofi: "Umerudi!"

Sikusahihisha.

Halafu wamesimama wote kando ya ziwa, nguo nyeusi, hakuna anayeongea, kamera inapita sura moja baada ya nyingine. Nikasema ni kikao cha kumpongeza.

"Kikao gani watu hawajakaa?" mzee akauliza. Kicheko tena. Kisha akaikunjia skrini uso, akajijibu mwenyewe. "Ila kama ni msiba, jeneza liko wapi? Kaburi liko wapi?"

Ni kweli, halionyeshwi. Kuna shada la maua linaloelea majini, na juu yake kile kidude chake cha zamani cha kifuani, basi. Sasa mwambie hivyo Mchagga, ambaye ndugu yake akifia Mwanza husafirishwa usiku kucha ili alazwe kihambani kwao, kando ya babu yake, chini ya migomba. Maua juu ya maji?

"Hajazikwa," mzee akafunga kesi. "Hajafa."

Waongozaji wa filamu ile, ndugu wawili Anthony na Joe Russo, waliandika barua kabla haijatoka, wakiwasihi mashabiki wasiwatobolee wenzao mwisho wake. Nadhani hakuna aliyewatii kama mimi. Niliuficha mwisho hata kwa watu waliokuwa wanautazama.

## Mama wa maandazi

Pale mlangoni alikuwa anakaa mama mmoja na ndoo ya maandazi. Saa ya mwisho aliitazama akiwa amesimama, khanga kichwani, mvua inamrukia miguuni. Watu walipokwisha kutoka akaniita.

"Wewe mwalimu."

"Shikamoo, mama."

"Yule mtu amekufa."

"Ndiyo, mama."

"Mbona umewaambia watoto umeme?"

Nikacheka. Nikasema ni muvi tu, mama, watoto wenyewe walikuwa wanatania. Akafunika ndoo yake, akabana kifuniko pande zote kabla ya kunijibu.

"Huyu aliyepiga kelele ni mjukuu wangu. Tulikuwa tunakaa Himo, pale Njia Panda. Mama yake alipofariki tukamwambia amesafiri Dar. Basi akawa anashinda barabarani. Kila basi la Dar likija, anasimama."

Nikamuuliza mpaka lini.

"Mpaka alipoacha kusimama. Hakutuuliza kitu."

Akanipa andazi moja. Nilipotoa mia akaukunja mkono wangu, akaondoka na ndoo yake.

## Neno lenyewe

Nimejitetea sana wiki hizi, na utetezi wangu wa kwanza ni kwamba nilitafsiri sawasawa. Mke wake alisema apumzike. Nami nikasema apumzike. Kosa langu liko wapi? Sisi wenyewe mtu akifa tunasema amepumzika, amelala, ametangulia, ametutoka. Hata matangazo ya msiba yanalizungukia neno "kufa" kama shimo barabarani. Mtu mzima yeyote mle ndani aliyesikia "pumzika" alikuwa na uhuru wa kuelewa.

Ila nilijua hawataelewa. Nililichagua neno kwa sababu lina milango miwili.

Na lile la pili, "wakirudisha, atainuka", halikuwa la mtu yeyote kwenye filamu. Hilo ni langu. Hapo huwa najaribu utetezi mwingine: Jumapili hadi Jumapili naambiwa kanisani kwamba waliolala watainuka, na sijawahi kusimama na kupiga kelele kuwa ni uongo. Lakini mchungaji anaamini anachosema. (Naye kapu hupita, lakini tuyaache hayo.) Mimi nilikuwa nasema nisichokiamini ili nisiwe mtu wa kuzima kile kicheko.

Kuna utetezi wa tatu, wa kazi yenyewe, nao ndio mzito kuliko yote. Mtafsiri wa kibandani si mfasiri wa mahakamani. Lufufu hakuwa anafuata maneno. Alikuwa anasimulia, anaongeza, anakata, na tulimpenda kwa sababu hiyo. Hakuna aliyelipa mia mbili kuja kusikia Kiingereza kilichonyooshwa. Walikuja kuona steringi anashinda, mvua inanyesha, kesho Jumatatu. Nani amenipa mimi ruhusa ya kuwarudisha nyumbani na maiti?

Utetezi huo ungenitosha kama dogo angekuwa mtoto mwingine.

Maana tangu siku ile nimeshindwa kuamua alipiga kelele kwa sababu gani. Labda ulikuwa utani wa mtoto mjanja. Labda aliiona taa inazimika, akatazama watu wazima wote wametazama pembeni, akajua ni ile habari tena. Kwa hiyo akatupa yeye mwenyewe uongo wa kushika, kabla hatujahangaika kuutafuta.

## Sura ileile

Tarehe 27 Julai 2024, kwenye jukwaa kule San Diego, mtu alivua kinyago cha chuma, na alikuwa Robert Downey Jr., yule aliyemwigiza Fundi. Anarudi. Si kama Fundi, anarudi kama adui, Doctor Doom, kwenye Avengers: Doomsday, ambayo imepangwa kutoka Desemba 2026. Huo ndio umeme dogo aliokuwa ananiambia.

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilinishangaza. Nilikuwa namfikiria yule mwanamke wa kwenye sabufa. Filamu ile iliingiza karibu dola bilioni 2.8 duniani (mia mbili za Pasua hazimo), na sehemu ya fedha hizo ni machozi yake. Sasa wamemwambia sura ileile ipo, asijali. Wamefanya nilichofanya mimi. Tofauti ni kwamba mimi nililipwa elfu tano.

Lakini huyo ndiye aliyerudi. Chadwick Boseman, aliyemwigiza yule mfalme wa Wakanda, alifariki tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa ameambiwa anao ugonjwa huo tangu 2016. Piga hesabu. Siku ile dogo amepanda juu ya benchi, mikono kifuani, mvua imeshindwa, yule mtu aliyekuwa anatoka kwenye mlango wa duara alikuwa mgonjwa tayari, ameigiza vita vyote vile akiwa mgonjwa. Tulimshangilia kumbi mbili na hakuna aliyejua. Mwaka 2022 walipotoa filamu nyingine ya Wakanda hawakumweka mtu mwingine kwenye nafasi yake. Walimwacha mfalme naye afe.

Dogo ana simu. Anajua majeruhi wote wa Simba na Yanga na lini wanarudi uwanjani. Hawezi kuwa hajui habari ya miaka yote hiyo.

Sasa aliniuliza nini, na kwa nini aniulize mimi?

## Kijiweni

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye kijiwe chao. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mengi, yenye mwanzo na mwisho. Alikuwa amechuchumaa anafuta pikipiki na kipande cha fulana.

"Shikamoo, DJ."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Yupo. Miguu tu."

Nikasimama pale kidogo. Wenzake walikuwa wanabishana kuhusu penalti.

"Yule wa Wakanda alikufa," nikasema. "Alikufa mwaka 2020. Saratani. Harudi."

Hakuinua kichwa. Alimaliza kioo cha kulia, akahamia cha kushoto, akakipumulia, akakifuta.

"Walimzika wapi?"

"Kwao. South Carolina, karibu na mji aliozaliwa."

"Kwao kabisa?"

"Kwao kabisa."

"Afadhali," akasema, akanipa kofia ngumu.